Mradi wetu wa programu huria tuuweke wapi?

*“Sisi ni watu watano tunaotengeneza programu ya kusimamia maktaba ndogo, na tumeamua kuitoa kwa leseni huria. Kwa miaka minne msimbo wake, tunaoutunza kwa Git (programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko), umekuwa kwenye seva ya mwenzetu ambaye sasa anaacha mradi na anataka kuifunga seva hiyo. Baadhi yetu wanasema twende GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo mtandaoni, kwa sababu watu wote wako huko. Wengine wanasema kampuni kubwa itaumiliki msimbo wetu, au itafunga huduma siku moja na kutupotezea kila kitu, kwa hiyo afadhali tukodi seva yetu wenyewe. Nimesoma pia kuhusu GitLab na Codeberg, huduma nyingine za aina hiyo. Tuna ripoti za hitilafu mia kadhaa, mwongozo wa watumiaji, na faili za usakinishaji za Windows na Linux ambazo wakutubi hupakua. Fedha hatuna. Mmoja wetu ameajiriwa kuandika programu na hajamwambia mwajiri wake kuhusu mradi huu. Tuchague nini, na je, tukikosea tunaweza kuhama?”*

Swali la kuhama umeliweka mwishoni, lakini mimi nitaanza nalo kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Hofu yenu, ukiichambua, haiihusu GitHub wala Codeberg. Mnahofia kukwama mahali ambapo hamna sauti, kama mnavyokaribia kukwama sasa kwenye seva ya mwenzenu. Kwa hiyo kabla ya kutazama uzuri wa kurasa za huduma fulani au sifa za mwenye nayo, iulizeni kila huduma jambo moja: tukitaka kuondoka, tutaondoka na nini?

Kuhusu umiliki, niondoe wasiwasi mapema. Kampuni haiwi mmiliki wa msimbo kwa kuuhifadhi. Hakimiliki hubaki kwa walioandika, na masharti ya huduma hizi humpa mtoa huduma ruhusa anayoihitaji ili aendeshe huduma: kuuweka msimbo kwenye mashine zake, kutengeneza nakala za akiba, kuuonyesha kwa wageni na kuwaacha watumiaji wengine wajinakilie mradi ulio wazi ndani ya huduma hiyohiyo. Haki pana za kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza hutoka kwenye leseni mnayoichagua ninyi, na mtoa huduma hana uwezo wa kuibadilisha. Wengi hukosea kwa upande mwingine kabisa: huuacha msimbo hadharani bila leseni yoyote, wakidhani kwamba kuonekana na kila mtu kunatosha kuufanya uwe huria. Msimbo usio na leseni umehifadhiwa haki zote hata kama dunia nzima inausoma. Wekeni faili ya LICENSE kwenye mzizi wa mradi kabla ya kuufungua kwa umma. Mkubali pia kwamba msimbo ulio hadharani utasomwa na mashine zinazofunza modeli za akili unde, popote mtakapouweka. Mvutano wa kisheria juu ya jambo hilo haujaisha, na kuchagua huduma hii badala ya ile hakuwezi kuwakinga nalo.

Hofu ya kupoteza kila kitu ina ukweli nusu, na ni vizuri kujua nusu ipi ndiyo ya kweli.

Linus Torvalds alianza kuandika Git mwezi Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kukosa ruhusa ya kuitumia bure BitKeeper, programu waliyoitumia kutunzia msimbo, na aliiunda isitegemee makao makuu yoyote. Unapochukua nakala kamili ya mradi, hupati faili za leo peke yake. Unapata historia yote: kila badiliko, aliyeliandika, siku aliyoliandika na maelezo aliyoyaambatisha. Kila badiliko hutambulishwa kwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na utambulisho wa badiliko lililolitangulia, kwa hiyo hakuna awezaye kugusa jambo la miaka mitatu iliyopita bila kuvuruga utambulisho wa yote yaliyofuata. Maana yake ni kwamba hata seva ya mwenzenu ikizimika usiku huu, yeyote kati yenu aliyekuwa akisawazisha nakala yake mara kwa mara ana mradi karibu mzima mkononi. Kuuhamisha msimbo ni kazi ya dakika chache:

```
git clone --mirror https://seva-ya-zamani/maktaba.git
cd maktaba.git
git push --mirror https://huduma-mpya/maktaba.git
```

Amri ya kwanza huchukua matawi yote na lebo zote za matoleo, na ya mwisho huvipeleka makao mapya kama vilivyo. Hazina mpya, yaani mahali mradi unapohifadhiwa, iwe tupu kabisa mnapofanya hivyo, kwa sababu `--mirror` hufuta upande wa pili chochote ambacho hakimo upande wa kwanza. Kama mlihifadhi faili kubwa kwa kutumia Git LFS, amri hizo hazitazibeba. Zichukueni kwanza kwa `git lfs fetch --all`, kisha zipelekeni kwa `git lfs push --all`. Mwongozo wenu nao, ikiwa uko kwenye wiki ya mradi, si ajabu ukawa katika hazina ya pembeni ambayo anwani yake huishia na `.wiki.git`, nayo inanakiliwa peke yake. Ushauri wangu ni kwamba mtumie nafasi hii kuuingiza mwongozo ndani ya mradi wenyewe kama faili za maandishi ya kawaida, ili tangu sasa msimbo na mwongozo visafiri pamoja.

Nusu ya kweli ya hofu yenu iko katika yale ambayo Git haiyabebi: ripoti za hitilafu na mazungumzo yaliyo chini yake, mapitio ya mabadiliko yaliyopendekezwa, faili za usakinishaji, ruhusa za watumiaji, na mipangilio ya majaribio ya kiotomatiki. Hayo yote hukaa kwenye hifadhidata ya mtoa huduma. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab aliyekuwa akirekebisha tatizo la usiku alifuta data kwenye hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye mashine nyingine, na ikagundulika kwamba njia za akiba walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Data ya takribani saa 6 ikapotea: ripoti, maoni, maombi ya kuunganisha mabadiliko. Hazina za Git zenyewe hazikuguswa. Tukio hilo linaonyesha waziwazi mpaka uko wapi kati ya kilicho salama kwa asili yake na kilicho salama kwa sababu tu kuna mtu mwingine anayekitunza.

Tazameni pia mradi wa lugha ya Python. Msimbo wake ulihamia GitHub mwezi Februari 2017. Ripoti zake za hitilafu zilihamia Aprili 2022. Miaka mitano ilipita kati ya kazi nyepesi na kazi nzito ya mradi uleule.

Na huduma kweli hufungwa. Google Code ilianza mwaka 2006, ikatangaza kufungwa Machi 2015, na Januari 2016 ikazimwa. Gitorious ilinunuliwa na GitLab na kufungwa mwaka 2015. CodePlex ya Microsoft ilifungwa mwaka 2017. Bitbucket haikufungwa, lakini mwaka 2020 iliondoa hazina zote za Mercurial, chombo kingine cha kazi kama ya Git, na kubaki na Git peke yake, na wale waliokuwa wametumia Mercurial kwa miaka mingi wakalazimika kubadilisha au kuondoka. Nyingi kati ya hizo hazikuendeshwa na watu wadogo wasiojulikana. Ukubwa wa kampuni, basi, hauwapi hakikisho la miaka kumi, kama vile udogo wa chama cha kujitolea usivyokuwa dalili ya kwamba kitakufa kesho.

Kuna hatari nyingine isiyo ya kufungwa. Huduma hufuata sheria za nchi iliyosajiliwa. Mwaka 2019 GitHub ilizibana akaunti za watumiaji walioko Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, na kwa Iran ilipata kibali cha kufungua tena huduma zake Januari 2021. Oktoba 2020 iliuondoa mradi wa youtube-dl kufuatia barua ya chama cha kampuni za muziki cha Marekani, kisha ikaurudisha mwezi uliofuata. Programu ya maktaba haina maadui wa namna hiyo, lakini kama mmoja wenu au watumiaji wenu wako katika nchi iliyo chini ya vikwazo, hilo lisemwe mezani sasa kabla hamjachagua.

Nije kwenye seva ya kukodi, ambayo naona ina wafuasi kati yenu. Nawaelewa, na kiufundi inawezekana. Forgejo na Gitea ni programu nyepesi za kuendeshea huduma kama hizi, na hufanya kazi hata kwenye seva ndogo. GitLab nayo mnaweza kuisakinisha wenyewe, ila inahitaji kumbukumbu ya gigabaiti kadhaa kabla haijaanza kupumua. Debian, GNOME na KDE, miradi mikubwa ya programu huria, zote zinaendesha GitLab kwenye seva zao. Lakini miradi hiyo ina watu ambao kazi yao ni kutunza seva tu. Kuisakinisha ni kazi ya alasiri moja. Baada ya hapo kuna masasisho ya usalama ambayo hayangoji wikendi, kuna akiba zinazopaswa kujaribiwa kwa kurejeshwa kweli, kuna barua pepe za uthibitisho zinazoishia kwenye taka, na kuna akaunti za matangazo zinazofunguliwa kila siku ili zipachike viungo. Siku hizi kuna pia roboti zinazokusanya data ya kufunzia akili unde, ambazo hupita kwenye kila ukurasa wa kila badiliko la kila faili mpaka seva inaelemewa; GNOME ililazimika kuweka Anubis, kizuizi kinachokidai kivinjari kikokotoe hesabu fulani kabla ya kuingia. Watu watano wasio na bajeti wakibeba mzigo huo, unamwangukia mmoja. Naye akichoka, mtakuwa mmerudi palepale mlipo leo. Kama bado mnaing'ang'ania njia hii, tafuteni kwanza msimamizi wa seva mwenye uzoefu akae nanyi na kuwaonyesha atakavyorejesha mradi kutoka kwenye akiba. Akishindwa kuwaonyesha, msiendelee.

Zinabaki huduma tatu ulizozitaja, na nyingine mbili nitakazozigusa kwa sababu huenda mtazisikia. SourceHut huendesha mapendekezo ya mabadiliko kwa barua pepe, mtindo ambao watengenezaji wa kiini cha Linux wameuzoea lakini ambao utawachosha wakutubi. Savannah ya mradi wa GNU hukagua kila ombi kabla ya kulipokea na ina msimamo mkali kuhusu uhuru wa programu. Zote ni za kuheshimiwa. Kwa hali yenu sizipendekezi.

GitLab ina sifa moja ninayoithamini kuliko zote. Toleo lake la jamii ni huria kwa leseni ya MIT, na mradi unaweza kusafirishwa kama faili moja yenye ripoti, maoni, lebo na maombi ya kuunganisha, ukaingizwa kwenye GitLab nyingine, iwe ya kampuni au yenu. Vigeu vya siri vya majaribio, yaani manenosiri na funguo zinazotumiwa humo, havimo katika faili hiyo, wala mabaki ya kazi zilizokwisha kuendeshwa, lakini hivyo havina uzito mkubwa. Kasoro yake kwenu ni kwamba sehemu kubwa ya uwezo wake iko katika matoleo ya kulipia, na muda wa majaribio ya kiotomatiki kwa akaunti ya bure una kikomo cha kila mwezi. Kuna mpango maalumu kwa miradi huria, ila unaombwa, na maombi hukaguliwa.

Codeberg inaendeshwa na chama kilichosajiliwa Berlin kinachoishi kwa michango na ada za wanachama, kwa hiyo hakuna mwekezaji anayesubiri faida. Inatumia Forgejo, iliyochipuka kutoka Gitea mwishoni mwa mwaka 2022, na kila inachotumia mnaweza kukisakinisha wenyewe. Hupokea miradi yenye leseni huria, jambo ambalo kwenu si kikwazo. Chombo chake cha kuhamishia huleta ripoti, lebo, matoleo na wiki kutoka GitHub, GitLab na Gitea bila jasho. Upande wa pili ni kwamba watu wanaoitunza ni wachache, huduma hukatika wakati mwingine, na rasilimali za kujenga programu kiotomatiki ni za kugawana kwa adabu.

GitHub ilianza mwaka 2008, na mwaka 2018 Microsoft ilitangaza kuinunua kwa dola za Marekani bilioni 7.5. Programu inayoiendesha si huria, na wanaokataa kuweka mradi huria juu ya msingi uliofungwa wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Lakini watengenezaji wengi wana akaunti huko tayari, na mtu anayetaka kurekebisha kosa la herufi katika mwongozo wenu hatafungua akaunti mpya mahali pengine kwa ajili ya herufi moja. Kisha kuna jambo ambalo swali lako limelidokeza bila kulitaja: mnatoa faili za usakinishaji za Windows. Kwa miradi ya wazi, GitHub hutoa bure mashine za Linux, Windows na macOS za kujengea na kujaribia programu. Kwa mradi usio na fedha wala kompyuta ya Windows ya kuacha ikiwaka, hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Ndivyo ninavyoona: kama mnataka faili za Windows zijengwe kiotomatiki kila mnapotoa toleo, nendeni GitHub, mkaweke nakala pacha Codeberg inayosasishwa yenyewe. Kama faili hizo hujengwa na mmoja wenu nyumbani na ameridhika kuendelea hivyo, nendeni Codeberg. Sioni sababu ya kutosha ya kuwapeleka GitLab, ingawa mkiipenda hamtajuta. Vyovyote iwavyo, ripoti na mazungumzo yawe mahali pamoja tu. Nakala pacha ifungiwe sehemu ya ripoti, na ukurasa wake wa mbele uwaelekeze watu kwenye makao makuu, la sivyo mtajikuta mnajibu hitilafu ileile mara mbili.

Mkichagua GitHub, msiifunge kamba ya ujenzi wa programu yenu kwenye lugha ya mipangilio ya huduma hiyo. Miradi mingi huria ilikuwa ikitegemea Travis CI, huduma ya kujenga na kujaribu programu kiotomatiki, hadi Novemba 2020, ilipobana matumizi ya bure, na waliokuwa wameandika kila hatua kwenye faili yake ya mipangilio wakaanza upya. Andikeni hatua zote katika skripti iliyomo ndani ya mradi, kwa mfano `jenga.sh`, na faili ya mipangilio ya huduma iwe na kazi moja ya kuiita skripti hiyo. Hata kwenye kompyuta yako mwenyewe utaweza kuiendesha.

Faili za usakinishaji zisiingie kwenye Git kamwe. Historia haisahau: faili ya megabaiti 80 ikiingizwa leo na kufutwa kesho, kila atakayechukua nakala kamili ya mradi ataendelea kuipakua, na GitHub hukataa faili yoyote inayozidi megabaiti 100. Zipakieni kwenye sehemu ya matoleo, kisha chapisheni muhtasari wa SHA-256 wa kila faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikiguswa, mahali mnapopamiliki wenyewe. Sababu ya tahadhari hiyo ni ya kihistoria. Mradi wa GIMP, programu ya kuhariri picha, uliacha kusambaza faili zake za Windows kupitia huduma ya SourceForge mwaka 2013 kwa kuchukizwa na matangazo. Mwaka 2015 huduma hiyo ikaichukua akaunti iliyoachwa na kutoa kisakinishi kilichofungashwa pamoja na programu za matangazo. SourceForge ilipopata wamiliki wapya mwaka 2016, waliufuta mpango huo. Mkutubi aliyeipakua siku hizo hakuwa na namna rahisi ya kujua kilichoongezwa.

Mahali mnapopamiliki ni jina la kikoa. Hamna fedha, najua, lakini kama kuna senti ya kuchanga, ichangieni hapa kabla ya pengine, kwani ada yake ya mwaka kwa kawaida ni ndogo kuliko kodi ya seva. Anwani ya mradi ikichapwa kwenye miongozo, kwenye vipeperushi na ndani ya programu yenyewe, haiwezi kurudishwa. Huduma uliyoihama haina wajibu wa kuwaelekeza wageni kwenye makao mapya. Ikiwa kila kitu kinaelekeza kwenye kikoa chenu, nacho kikawaelekeza watu GitHub leo na kwingine baadaye, mkutubi hatajua hata kama mmehama. Katika baadhi ya lugha za kuandikia programu jambo hili linaingia hadi ndani ya msimbo: moduli za lugha ya Go hubeba anwani ya makao yao katika jina lao, na mradi ulioandikwa hivyo kwa anwani ya huduma ukihama, kila anayeutegemea hulazimika kubadilisha msimbo wake. Kikoa kisajiliwe kwa barua pepe ya mradi, na watu wawili wawe na ufunguo wake.

Vivyo hivyo kwa akaunti. Fungueni akaunti ya kikundi, msiuweke mradi chini ya jina la mtu mmoja, na wenye mamlaka kamili wawe wawili au watatu, kila mmoja akitumia uthibitisho wa hatua mbili na akiwa amehifadhi misimbo yake ya dharura nje ya simu. Tatizo lililowaleta kwangu ni la aina hii hasa, na huduma ghali kuliko zote isingewaepusha nalo.

Ripoti za hitilafu zinahitaji utaratibu. Hukutaja zinakaa katika programu gani, lakini nyingi zina njia ya kutoa yaliyomo kama faili za JSON au CSV. Mwombeni mwenzenu afanye hivyo wiki hii, hata kabla hamjaamua mnakwenda wapi, pamoja na nakala nzima ya hifadhidata. Angalieni namba. Katika miaka minne bila shaka mmeandika maelezo kama “imerekebishwa, tazama #214”. GitHub na Forgejo hutumia mfuatano mmoja wa namba kwa ripoti na kwa maombi ya kuunganisha mabadiliko, kwa hiyo mtu akitangulia kufungua ripoti moja ya majaribio kwenye makao mapya, namba zote zitasogea, na #214 itawapeleka wasomaji kwenye hitilafu isiyohusika. Ingizeni ripoti za zamani kwanza, kwa mpangilio wake, mkiziba mapengo ya zilizofutwa kwa ripoti tupu zilizofungwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini kuipanga upya baadaye ni karibu haiwezekani.

Kabla ya kubofya kitufe cha kuufanya mradi uwe wazi, ipekueni historia. Msimbo uliokaa faraghani miaka minne huwa na nenosiri la hifadhidata mahali fulani, lililoandikwa usiku na kufutwa asubuhi. Limefutwa kwenye faili, katika historia bado lipo. Amri kama `git log -p -S "password"` itawaonyesha pa kuanzia, na kuna programu kama gitleaks zinazopekua kwa upana zaidi. Neno la siri lililoonekana libadilishwe kwenye mfumo linakotumika, hata kama mtalifuta. Kwa programu ya maktaba naogopa zaidi kitu kingine: hifadhidata ya mfano iliyochukuliwa kutoka maktaba halisi, yenye majina ya waazimaji, simu zao na vitabu walivyosoma. Mkiikuta, iondoeni kwenye historia yote kwa `git filter-repo` kabla ya kuchapisha, mkijua kwamba utambulisho wa mabadiliko yote yaliyofuata utabadilika na kila mmoja wenu atalazimika kuchukua nakala mpya. Ikiwa data hiyo ilishawahi kuwa mahali pa wazi, hapo ni suala la sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na mnamhitaji mwanasheria pamoja na maktaba husika.

Nimemwacha mwisho mwenzenu aliyeajiriwa, kwa sababu hili siwezi kulimaliza kwa maandishi. Katika nchi nyingi kazi aliyoiandika mwajiriwa katika utekelezaji wa kazi yake ni mali ya mwajiri, na mikataba mingi ya waandishi wa programu huenda mbali zaidi, ikidai hata kilichoandikwa usiku kwa kompyuta ya nyumbani. Kama mkataba wake unasema hivyo, sehemu alizoziandika huenda hamna haki ya kuzitolea leseni, na hakuna huduma ya kuhifadhi msimbo itakayoliponya hilo. Mwajiri akilalamika, mradi utaondolewa popote ulipo. Akauchukue mkataba, aende nao kwa mwanasheria anayejua hakimiliki katika nchi yake, kisha aombe ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, ikitaja mradi na leseni kwa majina. Waajiri wengi hukubali wakiombwa mapema. Huwa wagumu wanapogundua wenyewe. Wakati analishughulikia, hamishieni msimbo kwenye makao mapya ukiwa umefungwa kwa umma, GitHub inaruhusu hivyo bila malipo, na mwombeni mwenye seva asiizime mpaka jibu la maandishi lifike na mmoja wenu ajaribu kujenga toleo kamili kutoka kwenye nakala mpya.